Mtoro Haombi Ruhusa

Swali lilitoka dawati la nyuma, kwa mvulana wa Gredi ya Sita hapa Nakuru. Mwalimu alikuwa amewasomea habari za watumwa wa Marekani waliotoroka kwa njia iliyoitwa Reli ya Chini ya Ardhi, na mvulana akataka kujua: je, treni hiyo ilikuwa ya makaa ya mawe au ya dizeli? Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilikuwa mgeni wao siku hiyo, nimeitwa kusimulia, na sikuona cha kuchekesha. Mtoto wa Nakuru, mji uliochipuka kando ya reli mwaka 1900, ana haki zote za kuuliza habari za injini.

Jibu ni hili, wajukuu wangu. Hapakuwa na treni. Hapakuwa na injini, wala mataruma, wala handaki lililochimbwa chini ya ardhi. Palikuwa na watu. Mtu mmoja anakuficha ghalani mwake usiku wa leo, kesho usiku anakufikisha kwa mwenzake wa kijiji cha mbele, na huyo naye kesho kutwa anakuvusha mto. Kwa kuwa enzi hizo reli ilikuwa kitu kipya kilichokuwa midomoni mwa kila mtu, walijitwalia lugha yake: nyumba ya kujificha ikawa stesheni, anayekuongoza akawa kondakta, na wewe unayekimbia ukawa abiria. Tiketi hukukata, lakini ukikamatwa ulilipa kwa mgongo wako.

Walikuwa wakikimbia nini hasa? Mwezi Agosti 1619 meli moja ilitia nanga Point Comfort, katika Virginia, ikiwa na Waafrika ishirini na kitu waliotekwa Angola. Kufikia 1860 watumwa wa Marekani walikuwa karibu milioni 4. Bwana alipokufa, waliandikwa kwenye daftari la mirathi pamoja na ng'ombe na majembe, kisha wakagawanywa: baba huku, mama kule, watoto popote palipopatikana mnunuzi. Mtoto alizaliwa mtumwa ikiwa mama yake ni mtumwa, hata kama baba yake ni bwana mwenyewe. Na katika majimbo mengi ya kusini kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa la jinai. Hilo la mwisho nawaombeni mlishike. Watu hawapigi marufuku kitu wasichokiogopa.

Katika Maryland, mnamo mwaka 1822 hivi, alizaliwa msichana aliyeitwa Araminta. Sisi tunamjua kwa jina alilotumia ukubwani, Harriet Tubman. Alikuwa bado msichana pale msimamizi mmoja alipomrushia mtumwa aliyekuwa akikimbia kipande cha chuma cha kupimia uzani. Chuma kilimkosa mlengwa kikampata Harriet kichwani. Tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 1913 alikuwa akipitiwa na usingizi mzito bila onyo, hata katikati ya mazungumzo. Mtu huyo, mwenye maradhi hayo, asiyejua kusoma wala kuandika, ndiye aliyetoroka peke yake mwaka 1849 akafika Philadelphia, mahali ambapo utumwa haukuwapo tena. Angeweza kukaa hapo akajilia maisha yake. Akarudi Maryland kuwachukua wengine. Akarudi tena na tena.

Alijuaje njia? Kuna nyota iitwayo Nyota ya Kaskazini. Sisi wa Nakuru hatuioni, na si kwa sababu ya mawingu ya Menengai. Mstari wa ikweta unapita pale Mogotio, mwendo mfupi tu kwa matatu kutoka mjini, na kadiri unavyoukaribia mstari huo ndivyo nyota hiyo inavyozama kwenye ukingo wa anga hadi ikapotea. Ukiwa Maryland imesimama juu, mahali pamoja, usiku kucha, na nyota nyingine zote zinaizunguka. Ukiielekea unakwenda kaskazini, na kaskazini ndiko kulikokuwa na uhuru.

Usiku wenyewe pia ulikuwa silaha. Hapa kwetu giza hudumu kwa muda wa saa kumi na mbili, iwe Januari au Julai. Kule Maryland, mwezi wa Disemba, giza hudumu hadi saa kumi na nne na nusu, na baridi inawafungia watu ndani ya nyumba zao. Kwa hiyo Harriet alipenda kusafiri miezi ya baridi. Tena aliondoka na watu wake Jumamosi usiku. Mabwana walikuwa wakitangaza watoro magazetini, na tangazo halikuweza kuchapishwa kabla ya Jumatatu. Mkiambiwa mtumwa fulani hakusoma, msidhani hakuwa na hesabu.

Nitawapa usiku mmoja tu wa Harriet, wa Krismasi ya mwaka 1854. Kaka zake watatu walikuwa wapigwe mnada siku iliyofuata sikukuu. Mama yao mzee, Rit, alikuwa amepika akiwasubiri wanawe waje kula naye. Wao walikuwa wamejificha kwenye banda la malisho, hatua chache tu kutoka mlangoni pake, mvua ikinyesha, wakimchungulia kupitia nyufa za mbao. Hawakuthubutu kumwita. Walijua angelia kwa furaha na kilio chake kingewaponza. Baba yao, mzee Ben, walimpasha habari. Akawaletea chakula, lakini kabla ya kuwakaribia alijifunga kitambaa machoni. Usiku ulipoiva akawasindikiza kipande cha njia, macho yamefungwa, mwana mmoja kamshika mkono huu na mwingine ule, kisha akasimama njiani akisikiliza hatua zao hadi zikapotea. Wawindaji wa watoro walipokuja kumhoji, mzee aliyesifika kwa kutosema uongo aliwajibu kwamba hajamwona mwanawe hata mmoja. Miaka michache baadaye Harriet alirudi akawatoa wazazi hao wawili pia.

Hapa lazima niwaharibie baadhi ya vitabu vyenu vya picha. Mtasoma kwamba Harriet aliokoa watu 300 kwa safari 19. Waliochunguza kumbukumbu kwa makini wanapata safari kama 13 na watu kama 70, mbali na wengine aliowapa maelekezo ya njia. Mtasoma pia kwamba watoro walisoma ramani za siri zilizoshonwa kwenye mablanketi ya viraka yaliyoanikwa uani. Ni hadithi tamu, lakini hakuna ushahidi wa zama zile unaoithibitisha. Watu 70 waliotolewa mikononi mwa watu wenye mbwa na bunduki wanatosha. Hawahitaji kuongezewa chumvi.

Sasa niwavushe bahari. Jambo ambalo huwa linaniudhi ni kuona mtoto wa Kenya anayeweza kutaja Maryland na Philadelphia lakini hajapata kusikia kijiji cha Fuladoyo. Si kosa lake. Sisi wakubwa tumezoea kuuweka utumwa mbali, kwa Wamarekani, kana kwamba ulikuwa ugonjwa wa watu wengine. Wakati Harriet anatembea usiku katika misitu ya Maryland, huku kwetu watu walikuwa wanatembea usiku katika nyika ya Giriama kwa sababu ileile. Na pande hizo mbili ziliunganishwa na kitu mnachoweza kukishika mkononi: kitambaa.

Kitambaa hicho cheupe kisichotiwa rangi kiliitwa merikani. Pamba yake ilichumwa na watumwa kusini mwa Marekani. Ikafumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, ikapakiwa melini katika bandari ya Salem, ikateremshwa Unguja, ambako Wamarekani walikuwa wamefunga mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said mwaka 1833. Kutoka Unguja ilivuka hadi Mombasa na Pangani, ikafungwa mizigo ya kilo 30 hivi, ambao ni uzito wa mtoto wa Gredi ya Nne, na wapagazi wakaibeba kichwani kuja bara. Sehemu ya mizigo hiyo ilipita hapa hapa petu: Naivasha, Elmenteita, Nakuru, hadi Baringo, ambako Wanjemps, ambao wenyewe hujiita Ilchamus, walilima kwa mifereji na kuwauzia wasafiri nafaka. Msafara ulirudi pwani na pembe za ndovu. Pembe nyingi za Afrika Mashariki zilivuka tena bahari hadi Connecticut, zikachongwa vibao vya piano. Hivyo mtoto wa tajiri wa Marekani alijifunza muziki akibonyeza ndovu wa Afrika, ambaye bei yake ililipwa kwa pamba ya mtumwa wa Mississippi, na huenda aliyeibeba pembe hiyo hadi pwani alikuwa mtumwa pia. Wapagazi wengine walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na sehemu ya mshahara ilikwenda kwa bwana. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861 na pamba ikakatika, merikani iliadimika hadi kwenye maduka ya Unguja.

Mnaniuliza: je, watu wa Bonde la Ufa walikamatwa? Kwa wingi, hapana. Bonde letu halikuwa windo la wafanyabiashara wa watumwa, na sababu kubwa ni Wamaasai. Misafara iliwaogopa, ikapita kwa kulipa hongo ya nguo, shanga na nyaya. Mzigo mzito wa utumwa uliwaangukia watu wa kusini, hasa wa pande za Ziwa Nyasa, Wayao na majirani zao, walioteremshwa kwa miguu hadi Kilwa na kupakiwa majahazini. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, na ya nafaka kule Malindi, yalihitaji mikono. Waliowateka wengi walikuwa Waafrika wenzao. Waliowanunua walikuwa Waarabu na Waswahili. Mitaji mingi ilitoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na karafuu na pembe zilinunuliwa na Wazungu na Wamarekani. Ukitafuta kabila moja au dini moja ya kuibebesha lawama yote, utakuwa unajidanganya.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akibanwa na manowari za Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kukataza kuwasafirisha baharini. Vitabu vya shule hupenda kumaliza hadithi hapo. Haikuishia hapo. Wafanyabiashara walihamia nchi kavu, wakawaswaga watu kwa miguu kutoka Kilwa kupanda kaskazini hadi Barghash akapiga marufuku na hilo mwaka 1876. Na aliyekuwa tayari shambani alibaki mtumwa, mkataba au bila mkataba.

Huyo wa shambani ndiye ninayetaka mumfahamu. Tuseme uko Malindi, miaka ya mwisho ya 1870. Mbele yako ni bahari, nayo ni ya bwana. Nyuma yako ni nyika: miiba, chui, na maji ya kubahatisha. Lugha ya kwenu Nyasa hakuna anayeijua huku. Kwenu ni mwendo wa miezi, na njia ya kurudi ndiyo iliyojaa watu wa kukukamata upya. Nyota ya Kaskazini haina la kukusaidia, kwa sababu kaskazini hakuna Philadelphia. Basi unakwenda wapi?

Wengi waliingia nyikani wakajitengenezea miji yao wenyewe. Watoro walijikusanya, wakafyeka msitu, wakalima mtama na mahindi, wakalinda mipaka yao kwa mishale na bunduki walizozipata. Wengine walikimbilia Witu, kwa Sultani Ahmed aliyeitwa Simba, ambaye alikuwa na ugomvi wake na Unguja na hakuona ubaya kuwapokea. Na bara, nyuma ya Takaungu na Malindi, kikazuka kijiji cha Fuladoyo, kilichoanzishwa mnamo 1879 na Wagiriama wachache waliokuwa Wakristo pamoja na watoro. Hakikujengwa na Mzungu. Kilifikia mamia ya watu. Mabwana wa pwani hawakuweza kukivumilia, maana kila mtumwa aliyebaki shambani sasa alijua kuna mahali pa kwenda. Mwaka 1883 kilishambuliwa, na kiongozi wake, David Koi, akauawa. Waliobaki walitawanyika, na wengi wakashika njia ya kusini, kuelekea Rabai.

Rabai iko juu ya vilima nyuma ya Mombasa. Johann Ludwig Krapf alijenga misheni hapo mwaka 1846, na kwa miaka mingi hakupata waumini wa kuhesabika. Waliokuja kuijaza ni watumwa. Walianza wale walioitwa Wabombay: watoto waliokuwa wametekwa huku Afrika, wakaokolewa baharini na manowari za Waingereza, wakalelewa India na kufundishwa kusoma na ufundi, kisha wakarudishwa Afrika. Kati yao walikuwa George David, Ishmael Semler na William Jones. Hawa watatu walikuwa wamefika Rabai tangu 1864. Mtoro alipobisha hodi usiku wa manane, hao ndio waliomfungulia mlango. Wakubwa wa misheni walikuwa wamekataza. Balozi mdogo wa Uingereza pale Unguja naye hakutaka wamisionari wagombane na Waarabu kwa ajili ya watoro. Lakini mtu ambaye mwenyewe aliwahi kuuzwa utamwambiaje amfukuze mwenzake mlangoni?

Sasa simameni hapo kwa William Jones, kwa sababu huyu alipita kwetu. Alikuwa Myao, aliyetekwa utotoni. Tarehe 31 Mei 1885 Askofu James Hannington aliwapa yeye na Semler daraja ya ushemasi pale Rabai, Waafrika wa kwanza kuipata katika misheni hiyo. Miezi miwili haijatimia, askofu na Jones wakaondoka na wapagazi kama 200 kwenda Uganda, wakakata shauri kupita nchi ya Wamaasai badala ya kuzunguka kusini. Wakapanda hadi Kikuyu, wakateremka bondeni, wakashika njia ya maziwa yetu. Ziwa Bogoria, mnalokwenda kuona heroe na chemchemi zinazochemka, Hannington aliliona katika safari hiyo, na ndiyo maana ramani za wakoloni ziliandika Ziwa Hannington kwa miaka mingi. Ziwa likapewa jina la askofu. Jones, mtumwa wa zamani aliyetembea njia hiyohiyo kwa miguu yake, hakupewa hata kijito.

Walipofika kwa Sundu, mahali tunapopaita Mumias leo, Hannington alimwachia Jones sehemu kubwa ya msafara akatangulia na watu 50. Mwisho wa Oktoba 1885 aliuawa Busoga, kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda, pamoja na wengi wa wale aliokuwa nao. Jones alisubiri. Habari zikaja kwa vipande vipande kupitia wachache walionusurika. Sasa fikirini mzigo alioachiwa: watu zaidi ya mia, mamia ya kilomita kutoka pwani, chakula kinapungua, na nchi ya Wamaasai mbele yao tena. Aliwarudisha. Mapema mwaka 1886 msafara uliingia Rabai nyuma ya bendera ya buluu iliyoshonewa neno moja la maombolezo kutoka Biblia. Wazungu wengi waliopita Bonde la Ufa miaka hiyo waliandikiwa vitabu. Safari ya Jones ya kurudi, kwa maoni yangu, inazipita nyingi za safari zao kwa ushujaa.

Na kazi yake ilikuwa haijaisha. Mwaka 1888, Jones akiwa Rabai, mabwana wa pwani waligundua kwamba vijiji vya misheni vilikuwa vimejaa watoro wao, wakatishia kuvivamia. Ndipo Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imetua Mombasa na kuhofia vita kabla haijaanza biashara, ikatafuta suluhu. Msimamizi wake, George Mackenzie, alikusanya fedha, akawalipa mabwana, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru.

Watoto huniuliza hapo: fedha walipewa nani? Mabwana. Aliyefanya kazi bure miaka kumi alipata karatasi. Aliyemfanyisha kazi bure alipata fidia. Waingereza walikuwa wamefanya vivyo hivyo kwa watumwa wa visiwa vya Karibi, miaka ya 1830, walipowagawia wamiliki pauni milioni 20. Sijui namna ya kulieleza hilo likapendeza, basi naliacha kama lilivyo.

Msije mkadhani pia kwamba kila kijiji cha wamisionari kilikuwa pepo. Freretown, kilichoanzishwa karibu na Mombasa miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliotolewa majahazini, kilikuwa na shule na kengele ya kuwaonya watu wakati wa hatari. Kengele hiyo ndiyo iliyolipatia eneo la Kengeleni jina lake. Lakini mwaka 1881 ilibainika kwamba msimamizi wake Mzungu alikuwa akiwachapa wakazi viboko na kuwafungia. Watu walikuwa wamekimbia kiboko kimoja wakakutana na kingine.

Nimewasimulia haya yote ili nilifikie jambo moja. Mnapofunzwa kwamba Uingereza iliukomesha utumwa Afrika Mashariki, au kwamba Rais Abraham Lincoln aliwapa watumwa uhuru, ulizeni nani alianza. Mackenzie hakuamka siku moja akawahurumia watu wa Rabai. Watu zaidi ya 1,400 walikuwa wametembea usiku mpaka wakawa wengi mno wa kurudishwa. Marekani pia ilikuwa hivyo. Mei 1861, vita vikiwa vimeanza tu, wanaume watatu, Frank Baker, James Townsend na Shepard Mallory, walipiga makasia usiku wakavuka maji hadi ngome ya Fort Monroe, iliyokuwa mikononi mwa jeshi la kaskazini, wakaomba hifadhi. Jenerali wa pale akakataa kuwarudisha kwa bwana wao. Habari zikaenea mashambani, na maelfu wakawafuata. Serikali ilijikuta na watu wasiorudishika. Lincoln alitoa tangazo lake tarehe 1 Januari 1863, na katiba ikapiga utumwa marufuku mwaka 1865. Na ngome hiyo ya Fort Monroe imesimama Point Comfort, palepale ilipotia nanga ile meli ya 1619.

Upande wetu sheria ilikokota miguu. Unguja na Pemba ilikuja Aprili 1897, na hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake. Pwani ya Kenya ilisubiri hadi 1907, na mabwana wakalipwa tena. Tanganyika ni 1922. Babu wa babu yako anaweza kuwa alizaliwa kabla ya tarehe hizo.

Mtoto mmoja wa Njoro aliwahi kuniuliza kama babu zake, waliofanya kazi kwenye mashamba ya Wazungu huku Bondeni, walikuwa watumwa. Hapana. Walilipwa, japo senti, na hakuna aliyeweza kumwuza mtoto wao. Lakini sheria ya kipande, iliyotungwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu kila mwanaume Mwafrika kubeba karatasi yake ndani ya kikebe cha chuma shingoni. Akiacha kazi bila mwajiri kutia sahihi, alisakwa na polisi na kushtakiwa kwa utoro. Watu wengi wa Naivasha, Molo na Subukia wana mzee wa ukoo wao aliyewahi kuchana au kutupa kipande chake akapotelea gizani. Kamwulizeni nyanya yenu jina la mzee huyo mapema, kabla nyanya hajalisahau.

Na sasa nasema na walimu na kamati za wazazi. Kila mwaka mabasi ya shule za Nakuru yanapeleka watoto Hyrax Hill, Menengai na mbuga ya Ziwa Nakuru, na ni vyema. Mwaka ujao, shule inayoweza kumudu nauli ya pwani isiishie Fort Jesus na ufukweni. Rabai ni mwendo mfupi tu kutoka Mombasa, misheni ya Krapf bado ipo na ina makumbusho, na wajukuu wa watoro wanaishi pale hadi leo. Pitieni pia Kengeleni muione kengele ya Freretown. Na kabla hamjaondoka Nakuru, wapelekeni watoto Bogoria, muwaambie kwamba William Jones alipita pande hizi.